Vitanda Vinne Melini

Jumapili, 12 Oktoba

Vuli imeanza leo, tone hapa, tone kule, kama mvua iliyotumwa na haitaki kwenda. Daftari hili nimelikuta chini ya mfuko wa vitu nilivyopewa siku niliyostaafu. Miaka ishirini na tisa nimeandika kwenye madaftari kama haya, mashuka yaliyotoka na mashuka yaliyorudi, katika chumba cha dobi cha hoteli moja kule Nyali. Sasa nimekaa nyumbani Mishomoroni na sina shuka la mtu la kuhesabu, lakini mkono umezoea kalamu. Basi nitaandika yangu.

Baada ya ibada Vivian alikuja na Cheryl. Vivian ndiye mwanangu wa pekee, na Cheryl ndiye mjukuu wangu wa pekee, ana miaka minane na maswali elfu. Vivian amechaguliwa mfanyakazi bora wa mwaka kwenye kampuni yao ya kutoa mizigo bandarini, kule Changamwe. Zawadi yake ni likizo ya kisiwani mwezi wa Desemba, siku tano, watu wanne. Achague mwenyewe: meli ya watalii itakayozunguka Unguja, Pemba na Mafia, au hoteli ya ufukweni hukohuko Unguja. Jibu lifike ofisini Ijumaa ya tarehe kumi na nne Novemba.

"Mimi, wewe, Cheryl na Mwangi," akasema, yaani na mumewe.

Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Nikamuuliza, sasa ni meli au ni hoteli?

"Mama, wewe si ulisema hoteli hutaki kuiona hata kwa picha?"

Kweli nilisema. Tena nilisema kwenye kipaza sauti, kwenye karamu yangu ya kustaafu, mbele ya kanisa zima la Frere Town. Nilisema nimekunja mashuka ya watu ya kunitosha, na atakayenirudisha hotelini awe amenibeba kwenye jeneza. Watu wakacheka, wakapiga makofi, nami nikanogewa nikalirudia.

"Basi ni meli," akasema Vivian.

Maisha yangu yote chombo nilichopanda ni feri ya Likoni peke yake. Nimeosha vikombe nikicheka peke yangu jikoni.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumapili, 19 Oktoba

Vivian alisimama kanisani kutoa shukrani. Akasema baba yake, marehemu Changawa wangu, alifariki kabla hajamfanyia lolote, kwa hiyo mama yake atamfanyia angali hai, na atampandisha meli. Nililia. Lynnette, katibu wa akina mama, akapiga vigelegele mpaka mchungaji akanyamaza kumsubiri. Tulipotoka alinishika kiuno akanipima kwa macho. Atanishonea gauni jeupe lenye mistari ya buluu, la kibaharia.

"Wewe ndiye wa kwanza katika sisi, Mama Vivian," akasema. "Ukarudi bila picha tusijuane."

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo furaha imenitoka.

Vivian alipitia jioni akitoka kazini, kashika kijitabu cha meli. Ukurasa wa kwanza bahari, wa pili chakula, wa tatu chumba. Chumba kimoja kwa watu wanne. Vitanda viwili chini na viwili juu yavyo, na kingazi cha chuma katikati. Choo kimoja, mlango wake mwembamba kama kadi ya harusi.

"Mimi na wewe chini," Vivian akanionyesha kwa kidole. "Cheryl juu yako, Mwangi juu yangu."

Nilikitazama kile kingazi. Mkwe wangu, mtoto wa watu, apande pale miguu yake ikinipita usoni. Anisikie nikikoroma. Nitoke kuoga na kanga moja, yeye amekaa pale hana pa kwenda, maana nje ni maji. Lo! Nikakifunga kile kijitabu.

"Na hoteli wao wanatoa vyumba vingapi?" nikauliza, kama mtu asiye na haja.

"Viwili. Lakini hiyo si tumeshaiacha?"

"Tumeiacha," nikasema. Huu ulimi wangu!

Alipoondoka nilimpigia dada yangu Nyevu, yuko Kaloleni. Sikumaliza hata kueleza.

"Ulale chumba kimoja na mutsedza?" Sisi mkwe twamwita hivyo. "Jumwa, umepata wazimu? Mama angekuwa hai angevua kanga akalia barabarani."

"Nifanye nini sasa?"

"Mwambie mtoto wako."

Kama kwamba ni rahisi. Kwetu mkwe hukaribishwa sebuleni, akala akashiba, lakini kitanda cha mama mkwe hakioni wala hakitajwi mbele yake. Na hasa kutajwa ndiko kunakonishinda. Nikimwambia Vivian siwezi kulala chumba kimoja na mumeo, nimeshalitamka lilelile ninalolikimbia, na kesho atalirudia kwa mumewe, na keshokutwa sisi wawili tutasalimiana vipi?

Halafu kuna Mwangi mwenyewe. Miaka minane amemuoa mwanangu. Ni fundi wa forklifti kwenye yadi ya makontena, hanywi, hapigi, ada yote ya Cheryl analipa yeye. Lakini sebule yangu hajawahi kuikalia. Akija husimama barazani, husema shikamoo akitazama viatu vyake, hunywa chai palepale nje, huondoka. Nimemkaribisha mara ngapi? Nimepika pilau nikatandika meza, akaomba apelekewe sahani nje. Mimi najua kiburi nikikiona. Watu wa bara hawana adabu zetu za ukwe, wao husukumana tu kama stendi ya basi, basi kama yeye haingii ni kwa sababu ananiona mchafu.

Na huyo ndiye wa kulala juu ya kingazi.

Jumapili, 26 Oktoba

Lynnette amenipima gauni. Limenikaa vizuri, ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatano, 29 Oktoba

Nilimwambia Vivian nina presha, pengine bahari haitanifaa. Akanipeleka kliniki leo asubuhi bila hata kuniuliza mara ya pili. Muuguzi akafunga ule mpira mkononi, akatazama, akatabasamu.

"Mama, hii presha ni ya msichana."

Sijawahi kuchukia afya yangu kama leo.

Jumamosi, 1 Novemba

Nikasema basi nitatapika melini, mimi hata feri hunichafua roho. Adhuhuri Cheryl akaingia mbio na mfuko: vidonge vya kichefuchefu, na tangawizi kilo nzima.

"Baba ametuma."

"Yeye yuko wapi?"

"Kwa geti. Amesema yuko sawa hapo."

Nilichungulia dirishani. Amesimama kwenye manyunyu, kanipa mgongo. Hata tangawizi hawezi kuileta mwenyewe kwa mkono wake. Nimeiweka chini ya sinki nisiione.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua usiku kucha. Barabara ya kuja huku imekuwa tope tupu. Bati la baraza linavuja sehemu tatu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeharibu mambo.

Vivian alikuja na fomu. Ameshaweka alama kwenye meli, anataka sahihi yangu na kopi ya kitambulisho. Nikasema, kama nilivyokuwa nimejiandaa tangu asubuhi, waende tu wao watatu, mimi nabaki kulinda nyumba.

"Kulinda nyumba na nani?" akauliza. "Na kuku?"

"Kuku nao ni mali."

Hakucheka. Akaiweka fomu mezani polepole.

"Ni Mwangi, sivyo?"

Ni yeye, lakini si vile anavyodhani.

"Miaka minane, Mama. Hujawahi kumwita 'mwanangu' hata siku moja. Nimekusubiri nikachoka. Yeye kila tukitoka hapa aniuliza, mama yako nilimkosea nini? Na mimi namdanganya, namwambia ndivyo alivyo. Presha, mara kutapika, sasa kuku! Si useme tu humtaki?"

"Vivian, mwanangu, hujui."

"Basi niambie nijue."

Na sikumwambia. Ulimi uliokuwa mwepesi kwenye kipaza sauti ulinigandia kinywani, naapa kwa Mungu. Akangoja. Cheryl akangoja naye, ameshika chapati.

"Usipokwenda," Vivian akasema, "sitakulazimisha tena kwa lolote. Lakini na sisi usitungoje Jumapili. Siwezi kumleta mume wangu mahali asipotakiwa nikajifanya sioni."

Akaiacha fomu, akamshika Cheryl mkono. Mtoto aligeuka mara mbili getini.

Nina mtoto mmoja tu.

Jumapili, 9 Novemba

Hawakuja. Nilipika wali wa nazi na kuku wa mchuzi kwa watu wanne, kwa mazoea. Nimewapelekea majirani.

Jumanne, 11 Novemba

Simu haijalia. Mvua.

Alhamisi, 13 Novemba

Niandike yote na nisiruke kitu, maana leo nimejifunza nikiwa na umri huu.

Saa kumi alasiri niliona mtu getini. Ni Mwangi. Akasimama barazani, shikamoo kwa viatu vyake kama kawaida. Akasema Vivian hajui amekuja. Fomu yapasa kurudi kesho, na yeye ameona aje kuomba mwenyewe.

"Kama ni mimi ndio shida, mama, mimi nitabaki. Nyinyi endeni na Cheryl. Nitasema kazini wamekataa kunipea likizo."

Kabla sijajibu mvua ikafunguka. Si mvua ya kusimulia. Kwa dakika kumi njia yote ikawa maji, ndoo ya jirani ikapita inaelea, na pikipiki moja iliyojaribu kuvuka ikazimika katikati. Baraza langu linavuja, nilishaandika. Maji yakammwagikia kichwani na mabegani.

"Ingia ndani," nikamwambia.

"Niko sawa hapa, mama."

"Mwangi, unalowa. Ingia."

"Hapa ni sawa tu."

Mara ya tatu nilipomwita na akakataa, hasira zangu za miaka minane zikapanda zote kwa pamoja.

"Nyumba yangu inanuka?"

Akashtuka, akanitazama machoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu posa, kisha akainamisha kichwa upesi.

"Hapana mama! Kwa nini unasema hivyo?"

"Nisemeje? Kiti changu hukikalii, meza yangu huisogelei, tangawizi wanitumia kwa mtoto. Afadhali ulowe kuliko kuingia kwangu. Nilikukosea nini mimi?"

Akavuta benchi, akakaa akitazama barabara, kanipa mgongo. Nami nikakaa kwenye kigoda ndani ya mlango. Hivyo hatuonani, na nadhani ndiyo maana aliweza kusema.

"Mimi nililelewa na nyanya, kule Nyandarua," akasema. "Nilipotaka kuoa akaniita. Akaniambia, kuna nyumba moja duniani hutaizoea, na ni ya mama wa mke wako. Huingii ukajitandaza. Hulali huko hata usiku uwe mbaya vipi. Humwangalii machoni kama rika lako. Akasema, ukizoea hiyo nyumba umenivunjia heshima hata nikiwa kaburini."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nyinyi wa pwani mnakaribishana sana. Kila siku 'ingia, ingia'. Nikaona nyinyi hayo mambo hamna. Siku zingine nilifikiria unanijaribu."

Ala! Sisi hatuna? Sisi? Nilitaka kukasirika, lakini nikakumbuka nilichokiandika mwenyewe ndani ya daftari hili, kuhusu watu wa bara na stendi ya basi. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu mzima afunike uso kwa kanga. Huyu mtu miaka minane ananiheshimu kwa mvua na kwa jua, na mimi miaka minane namwita mwenye kiburi.

Nikamweleza yetu. Sebule ruhusa, chumba cha kulala marufuku. Akawa anaitikia "eeh, eeh", kwa sauti ya mtu anayesikia habari za kwao.

Mvua inapiga bati. Nikajua lililobaki ni moja, na nisipolisema leo, halitasemwa tena.

"Mwangi. Na ile meli?"

Mgongo wake ukakakamaa.

"Mama," akasema polepole, "hiyo meli imeninyima usingizi wiki tatu."

"Wewe pia?"

"Vitanda vinne! Na ngazi! Niliuliza watu wa meli kama mtu anaweza kulala kwa viti vya nje siku zote tano. Walisema usiku wanavifunga. Nikataka kumwambia Vivian, lakini yeye ananiambia mama amefurahi, kanisa lote limefurahi, ameshonewa nguo. Nikasema kama mama mwenyewe ametaka tulale hivyo, mimi ni nani?"

"Nitake mimi? Nimepima presha kwa ajili ya meli hiyo!"

"Mimi nilinunua hiyo tangawizi nikiwa na huzuni sana."

Basi nikacheka. Nilicheka mpaka kigoda kikanitoka chini, na nikasikia benchi la nje nalo linatikisika. Tulicheka kila mtu upande wake wa ukuta. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu mwezi uliopita kilitoka, nikavuta pumzi mpaka chini.

Nikampa taulo na kikombe cha chai ya tangawizi, nikipitisha mkono mlangoni bila kujitokeza. Akapokea kwa mikono miwili. Akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Vivian, niko kwa mama. Badilisha hiyo fomu. Weka hoteli."

"Nini? Mama hoteli hataki!"

"Nataka!" nikapiga kelele kutoka ndani. "Nataka hoteli! Vyumba viwili!"

Kisha Vivian akauliza, "Nyinyi wawili mko sawa?"

Mvua ilipungua saa kumi na mbili. Aliondoka na fomu ndani ya mfuko wa nailoni, suruali kaikunja magotini. Alipofika getini nikamwita.

"Mwanangu, angalia mtaro hapo kushoto."

Hakugeuka, ila alisimama kidogo kabla ya kwenda.

Ijumaa, 14 Novemba

Vivian alinipigia akiwa ofisini. Fomu imepokelewa. Alicheka, akalia, kisha akanigombeza.

"Watu wazima wawili! Si mngesema?"

"Mambo hayo hayasemwi."

"Na jana mlisemaje?"

"Hatukutazamana," nikamwambia.

Jumapili, 16 Novemba

Nilisimama kanisani nikakiri kwamba nakwenda hotelini, kwa miguu yangu, na jeneza sijaletewa. Kanisa likavunjika mbavu. Nilimwambia Lynnette gauni la kibaharia nitalivaa hivyohivyo kwenye mkahawa. Sababu sikuitoa, lakini Mama Kombe, mtu wa kwetu aliyezaliwa Ganze na mwenye wakwe watano, alinibinya mkono tukitoka.

"Vyumba viwili, eti?" akaninong'oneza. "Umefanya vizuri."

Mchana walikuja wote watatu. Mwangi alikaa kwenye kiti kilicho karibu zaidi na mlango, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akala wali sahani mbili.

Jumanne, 25 Novemba

Jua. Nguo zote zimekauka.

Jumatano, 3 Desemba

Mwangi amebadilisha bati la baraza. Siku nzima hatukusema maneno kumi, na nimeshinda na furaha.

Jumatano, 10 Desemba. Unguja

Tumefika salama. Ndege haikuchukua hata muda wa kumaliza soda.

Hoteli ni nzuri, sitaki kusema uongo. Kijana wa mapokezi alitupokea kwa madafu, akatutazama: bibi, binti, mkwe, mjukuu. Uso ukamng'aa.

"Familia!" akasema. "Nimewawekea kitu maalumu, bila nyongeza."

Akatupeleka ghorofa ya kwanza. Akafungua chumba changu mimi na Cheryl, akafungua chumba cha Vivian na Mwangi kando yake. Vizuri kabisa, dirisha kwa dirisha. Kisha akaenda ukutani, akavuta pazia, na nyuma yake kulikuwa na mlango. Akausukuma. Nikaona kitanda cha mkwe wangu, mto wake na yote, na mkwe wangu akaona changu.

"Hamtahitaji hata kutoka nje," kijana akasema. "Usiku mnauacha wazi, mnakuwa pamoja."

"Hapana!" nikasema.

"Hapana!" akasema Mwangi, wakati uleule, kwa sauti ileile, hata Cheryl akadondosha dafu.

Kijana wa watu akarudi nyuma hatua mbili. Vivian alitutazama, mimi nimegeukia dirisha na mumewe amegeukia kabati, akakaa kitandani akacheka mpaka akashika tumbo.

"Miaka minane," akasema, "sijawahi kuwasikia mkikubaliana."

Nimepewa chumba kingine, ng'ambo ya bustani. Mwangi ndiye aliyenibebea sanduku. Alilifikisha mpaka mlangoni, akalitua nje, akaenda zake.